Kuhusu Makala Yenu Iliyoidhalilisha Seva ya Marehemu Mke Wangu

Torvik, Minnesota
Oktoba 24

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Biashara Ndogo,
Gazeti la Alhamisi la Torvik.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za msomaji wako wa miaka thelathini na nane, anayelisoma gazeti lote hadi matangazo ya matrekta yaliyotumika. Sijawahi kukuandikia. Nilikaribia mara moja, mlipochapisha picha ya daraja letu kichwa chini, lakini nikaona huenda mlikuwa na sababu zenu.

Leo nimeshindwa kunyamaza. Alhamisi mbili zilizopita mlichapisha makala ya nusu ukurasa kuhusu seva, yaani ile kompyuta mama ambayo kompyuta nyingine zote za ofisi huitegemea. Mwandishi wenu, Bwana Prentiss Vollmer, aliuliza swali zuri: mwenye biashara ndogo anunue seva ndogo iliyotoka kiwandani tayari, au aunde ya kwake kwa vipuri anavyovichagua mwenyewe? Kisha akalijibu vibaya. Alisema biashara yenye watu chini ya kumi inunue ile ndogo, kwa sababu haina kelele, haitoi joto, haichukui nafasi, na ina dhamana ya miaka mitatu.

Mimi ndiye mwenye biashara ya watu chini ya kumi. Tuko watano. Tunatengeneza lefse, zile chapati nyembamba za viazi ambazo bibi zetu walikuja nazo kutoka Norwe, na kuanzia katikati ya Novemba tunazituma hadi kwa watu waliokimbilia joto la Arizona na sasa wanajuta. Maagizo yote, anwani zote na vipimo vya majokofu vimo ndani ya seva yetu. Seva hiyo aliiunda mke wangu, Ardis, juu ya meza ya jikoni, miaka kumi na minne iliyopita. Ardis alifariki Machi mwaka jana. Seva bado inafanya kazi. Katika vitu alivyovitengeneza kwa mikono yake, hiki ndicho cha mwisho kinachofanya kazi, maana saa ya ukutani ilisimama mwezi Mei, na mimi mwenyewe sijihesabu.

Makala yenu niliikuta imebandikwa kwa sumaku kwenye friji ya ofisini. Hakuna aliyesema kaibandika nani. Hapa kwetu kubandika karatasi kwenye friji bila kusema neno ni sawa na kumkaba mtu koo. Najua ni mpwa wangu Kip, mtoto wa dada yangu, mtu mzima mwenye upara, anayetushughulikia mambo ya kompyuta. Mwezi huu seva imesimama mara mbili, na Jumanne maagizo ya mji wa Fargo yalipotea kwa dakika arobaini. Kip anataka jibu kabla ya Ijumaa ijayo: ninunue ile ndogo, au nibaki na ya Ardis na kuomba Mungu msimu wote wa Krismasi.

Sasa unaona, Ndugu Mhariri, makala yenu imeniingilia nyumbani. Naomba kuijibu hoja kwa hoja.

1. Kuhusu ukimya. Bwana Vollmer anausifu ukimya wa kiseva chake kama vile ukimya ni fadhila. Seva yetu inanguruma. Inanguruma tangu nafungua mlango asubuhi hadi naufunga, sauti moja ya chini, kama mtu anayetaka kuanza wimbo akakumbuka kwamba hajui maneno. Marlys Bakken, ambaye amesimama kwenye tawa letu miaka ishirini na miwili, anageuza lefse kwa kufuata mngurumo huo. Alipojaribu kufuata redio, tulipata lefse zilizoungua upande mmoja wakati wa nyimbo za mapenzi. Tena mtu akiingia kwenye chumba cha chini cha kanisa letu akakaa kimya, huulizwa kama anaumwa, kisha huletewa kahawa. Je, kiseva kikinyamaza, nitajuaje kama kimeridhika, kinaumwa au kimekufa? Nikiletee kahawa?

2. Kuhusu joto. Hapa ndipo niliposoma mara mbili, kisha nikampa Marlys asome, kisha nikasoma tena. Mwandishi ameandika kwamba kutotoa joto ni sifa. Ameandika hayo katika gazeti linalouzwa Torvik, ambako mwezi wa Januari mate ya ng'ombe huganda kabla hayajafika chini. Ama Bwana Vollmer anatoka jiji kubwa la Minneapolis, ama ana jambo linalomsumbua nyumbani.

Seva yetu ni kabati la chuma linalonifikia kifuani. Lilikuwa kabati la kuumulia mikate katika shule ya zamani, na Ardis alilichukua shule ilipofungwa. Upande wake wa juu ni wa uvuguvugu mwaka mzima. Hapo hukauka glavu za watu watano. Hapo Ardis alikuwa akiumua unga wa mikate ya Jumamosi, akiufunika kwa taulo lenye picha ya samaki. Majira mawili ya baridi yaliyopita tanuri la kupasha joto kanisa lilipoharibika, akina mama washona mablanketi walihamia ofisini kwetu siku tisa, wakakaa kuizunguka seva. Kumbukumbu za kikao chao zipo, unaweza kuziomba. Chini ya kichwa "Shukrani" wameandika: Mungu, familia ya Sletten, na seva, kwa mpangilio huo, ingawa nasikia mpangilio ulipigiwa kura.

3. Kuhusu nafasi. Kiseva kwenye picha yenu kina ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Nimekipima kwa kulinganisha na mkono wa mtu aliyekishika. Swali langu ni jepesi: mtu akifiwa, vyakula ataviweka juu ya nini?

Wiki ya mazishi tuliletewa vyombo thelathini na kimoja vya viazi, nyama ya kusaga na supu ya uyoga, vyote vimeokwa, vyote vya moto. Friji ilijaa saa nne asubuhi. Juu ya seva viliingia kumi na tisa na vikabaki na joto hadi jioni. Watu walipita wakichota na kusema, "Si mbaya, Orrin. Si mbaya hata kidogo," na mimi nikajua wanamaanisha wameumia sana. Sasa chukua kiseva. Chombo kimoja tu cha kuokea kingening'inia pande zote mbili. Mwandishi amezungumzia uwezo wa kuhifadhi kwa aya tatu nzima bila kugusa jambo hili.

Wakati tuko hapo, nimebakiwa na chombo kimoja cha kioo, cha mraba, ambacho hakina jina kwa chini. Kila mtu hapa hubandika utepe wenye jina lake chini ya chombo chake, lakini utepe wa hiki uling'oka. Nimekipeleka kwenye harusi mbili na mnada mmoja. Hakuna anayekubali kuwa ni chake, kwa kuwa kukubali kungeonekana kama kukidai. Kama mnaweza kutangaza, nitashukuru.

4. Kuhusu dhamana ya miaka mitatu. Tulikaa kwenye ndoa miaka arobaini na moja bila dhamana yoyote.

5. Kuhusu kuzeeka. Makala inasema seva ya kuundwa nyumbani huchakaa, na ile ya kiwandani hubadilishwa yote kwa mara moja. Nina ushahidi kinyume chake. Miaka saba iliyopita seva yetu ilianza kuzubaa. Muuzaji mmoja alikuja na karatasi za rangi akataka tununue kiseva. Nikamwambia mbele ya wote kwamba kabati la Ardis halitoki ofisini humu wakati mimi nimo. Ardis alimsindikiza muuzaji hadi kwenye gari lake, wakaongea kidogo kuhusu mvua, maana hapa kuagana huchukua nusu saa, akarudi akasema, "Sawa, Orrin."

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kwa kaka yangu kumsaidia mavuno ya viazi, siku tatu. Niliporudi, seva ilikuwa na kasi ambayo hatukuwahi kuiona. Nilimwuliza Ardis amefanya nini. Akasema, "Nimeipangusa pangusa." Basi, Ndugu Mhariri, hii hapa seva iliyopona kwa kupanguswa na kwa kujua kwamba inapendwa. Muulize Bwana Vollmer ni kiseva gani cha kiwandani kilichowahi kufanya hivyo.

Nakumbuka alivyoiunda. Skrubu alizipanga kwenye bati la kuokea keki ndogo, kila aina na shimo lake, na shimo moja aliniwekea zabibu kavu ili nisiguse mengine. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Alikuwa akisema, "Mulika waya, Orrin. Mimi unanifahamu."

6. Kuhusu usalama wa umma. Kiseva kinaweza kuibwa na mtu yeyote mwenye koti. Kwa sababu hiyo, wiki iliyopita nilikwenda kwenye baraza la mji na pendekezo la sheria ndogo: kwamba ndani ya mipaka ya Torvik isiruhusiwe seva yenye urefu pungufu ya bata bukini aliyekomaa, akiwa amenyoosha shingo. Nilikuwa na mchoro. Mwenyekiti, Bi. Verna Quist, aliutazama kwa muda mrefu, akasema, "Aa. Hiyo ni tofauti."

Wewe ni mtu wa hapa, kwa hiyo huhitaji kuambiwa kwamba hilo ndilo neno zito la kukataa kuliko yote tuliyo nayo. Pendekezo limepelekwa kwenye Kamati ya Vipimo, ambayo mjumbe wake wa mwisho yuko Arizona. Nimemwandikia. Amejibu kwa kuagiza lefse dazeni nne.

7. Kuhusu familia yangu. Makala yenu imeleta fitina. Baada ya kikao cha baraza nilimwita Kip mezani, nikamwomba aseme wazi. Naandika maneno yake kama yalivyo.

Alisema, "Mjomba, mimi sisemi kitu."

Nikamwambia aseme.

Akasema, "Hapana, iko sawa. Ni kwamba tu, hivi vidogo si vibaya. Vingine vinadumu hata miaka saba. Nasema tu."

Nikamwuliza, je, kiseva kingeweza kubeba kazi ya Krismasi kama seva ya Ardis? Kip akamtazama Marlys. Marlys akalitazama tawa, ambalo wakati huo lilikuwa limezimwa. Duane, dereva wetu, akakumbuka kwamba gari lake halijafungwa, akatoka, na hakurudi siku hiyo. Kip akasema, "Nadhani kingejitahidi, Mjomba." Kisha akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba hoja yangu imewaelemea. Kila nikiisifu seva ya Ardis, watu wangu hunyamaza hivyo hivyo, kwa heshima.

8. Kuhusu tangazo la kifo. Hili nimelikalia mwaka mzima na miezi saba, na ndilo linaloniuma kuliko yote. Katika tangazo nililowaletea kwa mkono niliandika: "Ameacha mume, Orrin, mdogo wake, Lorraine, mpwa, Kip, na seva." Mlichapisha hadi Kip mkaweka nukta. Binti wa mapokezi aliniambia nafasi haikutosha. Nilikubali, kwa kuwa naelewa mambo ya nafasi. Lakini sasa nusu ukurasa imepatikana kwa ajili ya viseva, pamoja na picha, na katika picha hiyo kiseva kimewekewa ua pembeni. Ardis hakuwekewa ua.

Kwa hayo yote naomba mambo matatu, na siyaombi kwa ukali.

Kwanza, mchapishe sahihisho lisemalo kwamba mwenye biashara ndogo anaweza kununua kiseva ikiwa hana majira ya baridi, hana jamaa, na hatarajii kufiwa.

Pili, Bwana Vollmer aalikwe ofisini kwetu Januari kwa siku moja ya kazi. Tutamkalisha kwenye kona ya kaskazini, kiseva chake mapajani, nasi tutakaa upande wa pili na seva yetu. Chakula cha mchana tutampa. Hatumkomoi mtu.

Tatu, tangazo la kifo lirudiwe likiwa kamili, hata kwa herufi ndogo, hata chini ya matrekta.

Ijumaa nitamjibu Kip kwamba seva ya mke wangu inabaki. Ikisimama katikati ya Desemba, tutaandika maagizo kwa penseli kama alivyofanya mama yangu, na watu wa Arizona watangoja. Najua hiyo si biashara. Marlys ana mkopo wa nyumba, Duane ana meno ya kutengeneza, na wote wanautegemea msimu huu mmoja. Nimelifikiria hilo zaidi ya ninavyoonyesha. Lakini siwezi kuwa mimi ndiye nitakayeuchomoa waya wa kile alichokiunda, kikanyamaza mbele yangu. Nimeshasimama mara moja kando ya kitu kikinyamaza.

Nisalimie mume wako na magoti yake. Nisalimie binti wa mapokezi, mwambie sina kinyongo. Nisalimie hata Bwana Vollmer, na mpiga picha, na yule bwana wa mitambo ya uchapaji aliyetuletea viazi vyenye jibini wiki ya mazishi, chombo cha kijani, nilikirudisha.

Naomba radhi kwa urefu wa barua na kwa doa hili la siagi.

Wako katika biashara ndogo,

Orrin Sletten
Sletten Lefse, Barabara ya Reli

Nyongeza:

Nilikuwa nimeshabandika stempu. Kisha nikaona ni vizuri niorodheshe vipuri vya ndani ya seva, kimoja kimoja, ili Bwana Vollmer apate haya kwa ushahidi. Ardis ndiye aliyekuwa akiufungua mlango ule. Mimi sikuwahi. Jumapili baada ya ibada nilikwenda ofisini peke yangu, nikatoa skrubu nne, nikaziweka kwenye kikombe.

Ndani mna nafasi kubwa. Rafu ya chini kuna kiseva. Ni cha kijivu, ukubwa wa kitabu cha nyimbo, ndugu wa kile kilichoko kwenye picha yenu. Juu yake kuna ubao, ili joto lisishuke. Juu ya ubao kuna feni kuukuu ya banda la kuku, ndiyo inayonguruma, na juu kabisa kuna ile taa nyekundu ya kulelea vifaranga, ndiyo inayopasha. Hakuna kitu kingine.

Mlangoni kwa ndani kuna karatasi, mwandiko wa Ardis. Imeandikwa tarehe za ile wiki ya viazi, miaka saba iliyopita. "Ile kubwa imekufa. Nimeweka ndogo. Feni na taa ni kwa ajili ya Orrin. Taa ibadilishwe kila Oktoba. Asiambiwe."

Chini yake kuna orodha. Oktoba tano, kila moja na herufi ya Ardis. Kisha Oktoba ya mwaka jana, miezi saba baada ya mazishi: "Marlys." Kisha Mei mwaka huu: "Kip, nimepangusa vumbi." Kuna hata "Duane, feni imetiwa mafuta," bila tarehe.

Nilikaa kwenye ndoo ya unga, nikaisoma orodha tena. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naondoa hoja ya kwanza, ya pili, ya tano, ya sita na ya saba. Ya tatu ni kweli, ila sifa ni za kabati. Bwana Vollmer alikuwa sahihi na mke wangu alikuwa sahihi kabla yake.

Lakini nakuomba uichapishe barua hii kama ilivyo, hadi sahihi yangu, na nyongeza hii uitupe. Kip na Marlys wamejitahidi sana, na sitaki waione kazi yao imeharibika. Kip nimemwambia asubuhi hii kwamba nimebadili mawazo kidogo, kwamba naondoka siku tatu kwenda kwa kaka yangu, na kwamba aipanguse seva kama Ardis alivyokuwa akiipangusa. Alitazama sakafu, akasema, "Haya, Mjomba. Tutaipangusa."

Oktoba inakwisha na taa ya mwaka huu ilikuwa bado. Nimeweka mpya. Kwenye orodha, chini ya Duane, nimeandika tarehe na jina langu. Ijumaa Kip akifungua mlango kuweka kiseva kipya, ataliona. Namfahamu. Hatasema neno.